Kustaafia Ifakara: nenda Septemba, kisha rudi Aprili

Katika nyumba nyingi zenye mtumishi aliyevuka miaka 50 kuna mazungumzo yanayoanza, yanakatishwa, kisha yanaanza upya. Baba anataka kurudi kijijini kwao. Mama hataki kusikia habari za kijiji ambako mawifi wameshampangia kazi kabla hajafika. Watoto wanataka wazee wabaki Dar es Salaam, karibu na wajukuu. Na ule msingi wa nyumba uliojengwa Chanika miaka tisa iliyopita umeshaota majani.

Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, wa lazima ni 60. Mkupuo unalipwa mara moja tu, na baada ya mabishano yote ya kikokotoo, kila mtu anajua si fedha ya kujaribia mambo. Kosa la kiwanja linalofanywa katika umri huo halina mshahara wa mwezi ujao wa kulirekebisha.

Ndiyo maana wapo wanaotafuta njia ya tatu: mji mdogo, usio kijijini kwa baba wala kwa mama, ambako mtu aliyekaa kwenye kiti cha ofisi miaka 35 anaweza kutembea, kuendesha baiskeli, kuvua samaki na kupanda mlima bila kukwepa bodaboda na mitaro. Daktari alishasema zamani: tembea. Utembee wapi, hilo hakusema.

Kwa muda mrefu jibu la wengi limekuwa Morogoro mjini. Lakini ukiendelea mpaka Mikumi na kuiacha barabara kuu ya Zambia, ukashika njia ya kusini, unafika Kidatu kwenye miwa, unavuka Mto Ruaha Mkuu, na kutoka hapo Milima ya Udzungwa inakusindikiza upande wa kulia karibu njia nzima hadi Ifakara. Waliosafiri huko zamani wanakumbuka vumbi la kiangazi na tope la masika. Sasa kipande cha Kidatu hadi Ifakara, kilomita zipatazo 67, kina lami. Reli ya Tazara, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, nayo inapita humo humo: Msolwa, Mang'ula, Ifakara, Mlimba. Anayetaka kuwaonyesha wajukuu bonde kwa dirisha la treni aulize ratiba kituoni kwanza, asiende kwa kukisia.

Mlima usio na barabara

Kabla ya kufika Ifakara, shuka Mang'ula. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Tofauti yake na Mikumi ni kwamba hapa hakuna kukaa ndani ya gari na kunyoosha shingo dirishani. Msituni humo watu hutembea kwa miguu, wakiongozwa na mwongozaji, na Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, chini sana ya anacholipa mgeni.

Mstaafu asianze na maporomoko ya Sanje. Yanashuka mita 170, ni mazuri kweli, lakini njia yake ni ya kupanda na kushuka kwa saa kadhaa, na goti la miaka 61 halidanganywi. Aanze na njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, karibu na lango, ambayo hata bibi mwenye presha huimaliza akisimama mara mbili tatu kupumzika. Akizoea mwezi mmoja au miwili, ndipo apande Sanje. Kilele cha Mwanihana, chenye zaidi ya mita 2,000, awaachie watoto wake, ingawa wapo wazee watakaokasirika wakisoma hivi.

Msitu huu una wanyama wasioonekana kwingine duniani. Mbega mwekundu wa Udzungwa ni mmoja wao. Mwingine ni nyani ambaye wanasayansi hawakumjua kabisa hadi 1979, waliposikia mlio wa ajabu wakiwa msituni na mwongozaji wao akawaambia tu kwamba huyo ni ngolaga. Wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Leo vitabuni anaitwa kwa jina la kijiji cha Sanje. Ni hadithi nzuri ya kumpa mjukuu anayedhani kila kitu kinapatikana kwenye simu.

Baiskeli, na mama aliyebeba mpunga

Ifakara yenyewe imelala kwenye tambarare, na hilo ndilo linaloufanya kuwa mji wa baiskeli. Baiskeli za Phoenix zimebeba mpunga, mkaa, ndoo za samaki na wagonjwa. Wanawake wanaendesha bila mtu kugeuka kuwatazama, jambo ambalo mgeni kutoka miji mingine huliona siku ya kwanza. Kwa mama mstaafu ambaye mara ya mwisho kushika usukani wa baiskeli alikuwa darasa la saba, hakuna mahali pazuri zaidi pa kujifunza upya. Hakuna kilima cha kumvunja moyo, na hakuna atakayemcheka akiwa amevaa khanga.

Wakati wa kuendesha ni alfajiri, na jioni baada ya saa kumi na moja. Katikati ya siku bonde ni joto zito lenye unyevu, kwa kuwa mji uko chini sana huku milima ikiwa imesimama pembeni. Aliyezoea baridi ya Njombe au Mufindi alale hapo usiku wa Novemba kabla ya kujidanganya.

Jioni hiyo hiyo, njia ya kusini inampeleka mtu mtoni. Daraja la Kilombero, linaloitwa Daraja la Magufuli, lina urefu wa mita 384 na lilizinduliwa 2018. Kabla yake magari na watu walivushwa kwa kivuko kwenda Ulanga na Malinyi, na Januari 2016 kivuko hicho kilizama. Kwa hiyo mzee wa Ifakara akisimama darajani kutazama maji, hatazami mandhari tu kama mgeni. Wavuvi wanapita chini na mitumbwi ya mti mmoja, na kwenye matete ya kando kuna mnana wa Kilombero, ndege mdogo aliyetambuliwa na wanasayansi 1990, ambaye haishi popote nje ya bonde hili. Wazungu husafiri kutoka Ulaya kumtafuta kwa darubini. Mkazi wa Ifakara anamwona bure akienda sokoni.

Samaki wapo: kambale, perege, kitoga. Lakini kuvua kwa kujifurahisha kuna mipaka, na mgeni aielewe mapema. Uwanda wa mafuriko wa Kilombero uliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na 2023 sehemu kubwa ya bonde ikapandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Kuingia humo kunahitaji kibali. Bonde hili liliwahi kuwa na kundi kubwa kuliko yote Afrika la swala aitwaye sheshe, ambao wamepungua sana. Wakulima, wafugaji na wavuvi wameondolewa au wamezuiwa maeneo waliyoyazoea, na maumivu hayo hayajapoa. Mstaafu anayefika na ndoano mpya na kofia pana anaingia kwenye ugomvi wa watu wanaovua ili wale. Aanze kwa kuuliza ofisi ya uvuvi ya halmashauri na serikali ya kijiji mahali panaporuhusiwa, na akinunua samaki kwa mvuvi badala ya kushindana naye, atapata rafiki wa kumwonyesha mto.

Na asiingie majini hata kama watoto wa pale wanaoga. Mamba na viboko wapo kweli.

Maji yalifika wapi?

Sasa kiwanja. Mtu wa Dar es Salaam huenda kuangalia Ifakara Juni, watoto wakiwa likizo, au Septemba, barabara zikiwa kavu. Anaona ardhi tambarare, udongo mweusi, miembe yenye kivuli, mto uko mbali kule. Dalali anampigia hatua: huku kisima, huku bustani, huku chumba cha wageni. Bei, ukilinganisha na Kigamboni, inamfanya atake kutoa fedha siku hiyo hiyo.

Asitoe. Arudi Aprili.

Bonde la Kilombero linaishi kwa kufurika. Mvua za milimani zinashuka Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, mito midogo inajaa, mto mkubwa unapanda kingo, na uwanda mzima unageuka kuwa maji kwa wiki au miezi. Mafuriko hayo ndiyo yanayoacha rutuba ya mpunga, ndiyo yanayozalisha samaki, na ndiyo yanayoupa Mto Rufiji sehemu kubwa ya maji yake, yanayoishia kwenye Bwawa la Julius Nyerere. Wandamba, wenyeji wa uwanda huu, walijua kujenga kwenye mwinuko na kuhama kwa msimu. Hata leo familia nyingi za Ifakara huwa na nyumba mjini na dungu shambani, na msimu wa kilimo mitaa hupungua watu.

Mji nao una mto wake, Lumemo, ambao kiangazi unaonekana kama kitu cha kuruka. Masika ya 2024 maji yaliingia kwenye makazi ya watu Ifakara na kwenye vijiji vya Mlimba na Malinyi. Walioumia zaidi walikuwa wale ambao kiwanja chao kilikuwa cha bei nafuu.

Kwa hiyo ukaguzi wa Aprili si wa kufurahia. Mke na mume wakae wiki mbili kwenye nyumba ya wageni ya kawaida, wavae mabuti, watembee mpaka kiwanjani mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Waangalie maji yanakimbilia wapi. Waende ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Mji kuuliza kama kiwanja kimepimwa na kama mchoro wake unaruhusu makazi. Wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kwamba mtu aliyejenga humo hana mahali pa kudai fidia. Kisha wamwache dalali, wamtafute bibi mzee kuliko wote kwenye mtaa huo, wamwamkie vizuri, wakae chini.

"Shikamoo bibi. Maji yaliwahi kufika wapi hapa?"

Hilo ni swali moja, na linafaa kuulizwa nyumba tatu tofauti.

Kitu ambacho mji huu unao

Mbu ni wengi, hakuna haja ya kuficha. Aliyeishi mjini miaka mingi bila kuugua malaria hana tena kinga ya mwenyeji, na homa ya kwanza Ifakara ipimwe siku hiyo hiyo, isisubiriwe mpaka kesho. Lakini ni mbu hao hao waliouletea mji huu kitu ambacho miji midogo mingi haina. Mwaka 1957 Waswisi walifungua hapo maabara ndogo ya utafiti ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Miaka ya 1990 wilaya za Kilombero na Ulanga ndizo zilizojaribiwa kwanza mpango mkubwa wa kuuza vyandarua vyenye dawa, na kina mama waliojifungua baada ya 2004 wanakumbuka Hati Punguzo iliyofuata kitaifa. Jirani na taasisi ipo Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko. Kwa mtu mwenye sukari au presha, hospitali ya kiwango hicho inayofikika kwa bajaji ni hoja kubwa kuliko maporomoko yote ya Udzungwa. Kabla ya kuhama, waende na kadi yao ya bima waulize inapokelewa vipi, na dawa wanazotumia kila siku zinapatikana au la. Matibabu yanayozidi hapo yana maana ya safari ya Morogoro au Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 hadi Dar, na watoto wajue hilo kabla, wasije wakalaumiana usiku wa manane kwenye kundi la familia.

Jambo moja kwa baba hasa: mpunga wa Ifakara ni mtamu na sifa yake inafika Kariakoo, lakini kuulima ni kazi ya kupigana na ndege, nguruwe na mvua. Ekari mbili za kujaza siku, sawa. Mkupuo wote kwenye ekari hamsini, mama akatae hapo hapo.

Wengine wameona ni salama zaidi kupanga kwanza. Nyumba ya kupanga ya mwaka mmoja, kuanzia Septemba hadi Septemba, inampitisha mtu kwenye joto la Novemba, embe za Desemba, kupanda mpunga, masika, mavuno na ukungu wa Juni unaoshuka kutoka mlimani asubuhi. Baiskeli inunuliwe mwezi wa kwanza. Kiwanja kisubiri. Na siku ya kwenda kukilipia, wapite kwanza nyumba ya jirani waangalie ukuta wa nje, chini ya dirisha. Kama kuna mstari wa kahawia uliokwenda sawa kuzunguka nyumba, waulize ni wa mwaka gani.