Bao: Sifa Zake na Kasoro Zake

Kwetu Madaba, kando ya barabara kuu itokayo Makambako kwenda Songea, jua likianza kupoa wanaume hukusanyika barazani kucheza bao. Wawili huketi wakikabiliana. Waliosalia huwazunguka, na kila mmoja wao ni mwalimu. Nimekuwa katika mduara huo tangu ujana wangu, kwanza nikiwa mtazamaji, kisha mchezaji. Kwa hiyo nitakayoyasema juu ya kasoro za bao si maneno ya mgeni.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32: huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na 22 hubaki mkononi. Hatua ya kwanza ni kunamua, yaani kutia kete moja moja kila zamu ifikapo. Kete za mkononi zikiisha huja hatua ya mtaji, ambapo kete zilizomo ubaoni ndizo zinazopiganiwa. Anayenyang'anywa kete zote za safu yake ya mbele ameshindwa.

Sifa ya kwanza ya mchezo huu ni haki. Hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Kila kete i wazi mbele ya wote, na bahati haina kiti. Sifa ya pili ni kwamba hufunza kuamua. Mara nyingine mtu akishakula, kete yake ya mwisho huangukia katika nyumba yake, naye hupewa hiari: alale ailinde akiba yake, au aisafirishe kwa tamaa ya kupata zaidi. Ni nani kati yetu, mkulima au mfanyakazi, ambaye hajapata kulikabili swali hilo maishani? Si ajabu kwamba Mwalimu Nyerere, ambaye tarehe 10 Desemba 1962 alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alikuwa mpenzi mkubwa wa bao.

Hata hivyo, kasoro ya bao imezaliwa tumbo moja na sifa yake. Maadamu bahati haimo, anayeshindwa hana pa kujisitiri. Kosa lake limeonekana na wote, na mafundi wetu hawana simile; humcheka hadharani hata akaondoka. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kweli, lakini hawakusema kwamba mshindi apewe ruhusa ya kumdhalilisha mwenziwe.

Jioni moja binti yangu, akiwa darasa la sita, alisimama nyuma yangu akitazama. Ghafla alinyosha kidole akaonyesha shimo ambalo mimi na mpinzani wangu hatukuliona. Alikuwa na haki. Wanaume wakacheka, mmoja akasema kwamba bao la msichana ni mafiga. Nami, baba yake, nikacheka pamoja nao. Hakurudi tena barazani.

Miaka ikapita. Alipokuja likizo kutoka chuoni, aliweka simu yake mezani, bao limechorwa ndani yake, akasema, "Baba, zamu yako." Alinifunga mara mbili. Nilipomwuliza ni nani aliyemfundisha, alijibu, "Simu, baba. Haikunicheka."

Tumezoea kulalamika kwamba michezo ya simu inaua utamaduni wetu. Siku ile niliona kwamba simu ilikuwa imeitunza amana ambayo sisi wenyewe tulimnyima mtoto wetu. Ilimngoja afikiri zamu yake. Ilimruhusu akosee mara mia bila shahidi. Lakini simu nayo ina upungufu wake. Binti yangu aliniambia, "Nimechoka kuishinda simu. Haioni haya wala haistaajabu." Bao linataka mtu wa kukutazama machoni, na watu wa kusimulia kesho jinsi ulivyoshinda.

Basi enyi walimu, tuchukue wema wa pande zote mbili. Kuna bao la kujifunza, ambalo huanza na kete mbili katika kila shimo, bila kunamua. Mwanafunzi aanzie hapo. Ubao si lazima ununuliwe. Mashimo yaweza kuchimbwa ardhini na kokoto zikawa kete. Kanuni ziandikwe, maana wazee huzitofautiana, na kijana hutatanishwa. Na wasichana waketi penye bao, wasisimame nyuma ya viti.

Kwa upande wangu, deni nimeanza kulilipa. Binti yangu ajapo likizo twaenda barazani pamoja. Yeye huketi penye bao; mimi husimama nyuma yake, nikajitahidi kunyamaza.