Njombe: Chuma hakishikiki mpaka jua litoke

Watu wa Dar tukisikia neno kipupwe tunafikiria ule upepo wa mwezi wa saba unaotufanya tuzime feni na kujifunika khanga. Hiyo siyo baridi, washikaji, hiyo ni ofa ya Mungu kwa watu wa pwani. Anayetaka baridi yenyewe, ile ya kuongea huku moshi ukikutoka mdomoni kama mvuta sigara, na apande basi la Njombe.

Safari ni ndefu, kama kilometa 700 hivi. Unaipita Morogoro, unakatiza Mikumi ukiwachungulia twiga dirishani, unapanda Kitonga, unaziacha Iringa na Mafinga, halafu pale Makambako unakunja kushoto kushika barabara ya Songea. Ukishuka Njombe unasalimiwa "Kamwene!", nawe unaitikia "Kamwene!" huku mkono mmoja unatafuta sweta kwenye begi. Mji huu, ambao ni makao makuu ya mkoa mpya uliozaliwa mwaka 2012, umekaa juu karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni mpaka Agosti usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na mabondeni kuna asubuhi umande unaganda mweupe juu ya majani ya viazi. Wakulima hawataki kuusikia, maana unayaunguza majani kama moto.

Nilienda huko Julai kukaa wiki tatu kwa dada yangu aliyeolewa Ubenani. Sasa mimi ni mtu wa vyuma, na mtu wa vyuma akikaa wiki tatu mikono mitupu anaona shati linaanza kumpwaya. Siku ya pili tu nikaanza kuulizia jimu.

Msiwaze vioo na mashine za umeme. Ni banda la bati nyuma ya karakana za mbao, limezibwa pande tatu, upande wa nne uko wazi kwa jua. Kuna benchi la paina, ekseli ya lori, gia chakavu za gari na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Unatoa buku lako, unanyanyua mpaka uchoke. Ila mlangoni kocha ameandika kwa chaki, herufi kubwa: HAKUNA BENCHI KABLA YA SAA NNE.

Kwetu Dar alfajiri saa 11 ndiyo saa ya vyuma, kabla joto halijaanza kutupika. Huku mambo yamegeuka. Kocha akanieleza kwamba chuma kilicholala usiku kucha kwenye baridi ile kinauma kiganjani, vidole vinakufa ganzi, na ekseli inaweza kukuponyoka ikiwa juu ya kifua. Misuli nayo ikiwa ya baridi inakuwa migumu, ukiivuta ghafla inachanika. "Jua ndilo linafungua jimu," aliniambia. "Mimi nashika funguo tu."

Msidhani zile saa za kusubiri jua ni za kulala. Kwa dada yangu siku inaanza kukiwa giza. Maji ya kuoga watoto lazima yachemshwe, kuni lazima zipasuliwe, ndoo lazima zipande kilima kutoka bombani. Siku ya kwanza niliposema nakwenda kuruka kamba kupasha mwili, dada aliniangalia kutoka juu mpaka chini. "Mdogo wangu, kamba ya nini? Shoka lile pale."

Na nawaambieni, hakuna kupasha mwili kama kupasua kuni za mwati saa 12 asubuhi. Mgongo unafunguka, mabega yanafunguka, jasho linatoka huku pua imeganda. Halafu ndoo mbili za lita 20, kulia na kushoto, mara nne kwenye mwinuko. Wapwa zangu wawili walikuwa wananifuata nyuma wakinihesabia: "Mjomba, bado moja!"

Hapo nitoe onyo moja, siyo mzaha. Baridi ikizidi, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga mlango na madirisha, wanalala. Ile hewa ya sumu haina harufu wala rangi, na kuna familia hazikuamka. Kwa dada jiko linaota moto na sisi sebuleni mlango ukiwa wazi, na kabla ya kulala linatolewa nje. Afadhali blanketi la tatu.

Mwenye shida ya kweli pale nyumbani alikuwa shemeji. Ni fundi seremala, miaka 44, mtu wa mwili, mcheshi. Zahanati walimpima wakakuta presha 160 kwa 100. Akapewa dawa, akaambiwa apunguze chumvi na afanye mazoezi. Dawa anameza, chumvi anapunguza kwa manung'uniko. Kwenye mazoezi mama yake akagoma. Mtoto wake mkubwa, kaka yake shemeji, alianguka Julai ya mwaka 2021 akitoka nje alfajiri, upande mmoja ukapooza, na mwaka haukwisha wakamzika. Bibi akisikia neno vyuma anamwona yule.

Bibi hakosei kuiogopa baridi. Baridi inabana mishipa ya damu, na mishipa ikibana presha inapanda. Ukiongeza na kunyanyua chuma kizito huku umebana pumzi, presha inaruka juu zaidi. Kwa mtu kama shemeji, kukurupuka kitandani na kwenda kunyanyua alfajiri ni hatari kweli.

Kocha ndiye alisuluhisha. Shemeji asiguse ekseli. Aje mchana, saa 6, akifunga karakana kwa ajili ya chakula. Atembee kwa miguu na sweta lake, alivue akiona jasho. Anyanyue vile vikopo vidogo vya zege, mara 15, apumzike, arudie. Na sharti kubwa: ahesabu kwa sauti. Mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

Bibi akasema sawa, lakini na yeye anakuja. Basi wiki mbili zile jimu yetu ilikuwa na mlinzi: bibi amekaa juani kwenye gogo, amejifunga khanga mbili na blanketi, anapukuchua maharage kwenye ungo. Shemeji ndani anapaza, "Saba! Nane! Tisa!" Akinyamaza hata kidogo, maharage yanasimama. "We baba, umefika ngapi?" Wasela wote benchini wanacheka, lakini na wao walianza kuhesabu kwa sauti. Banda lote likawa kama darasa la kwanza.

Mimi mwenyewe ule mwinuko ulinitambua. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi, na mtu wa pwani akifika raundi ya tatu anatweta kama amekimbizwa. Nilipunguza uzito wiki ya kwanza, nikapumzika dakika mbili pale ninapopumzika moja Dar, na wiki ya pili pumzi ikakaa sawa.

Kwa hiyo ukienda Njombe kipupwe, shika haya. Usikimbilie chuma, kimbilia shoka. Ukimaliza mazoezi badilisha fulana hapohapo, maana upepo ukikukuta na jasho utakoma. Kunywa maji hata kama husikii kiu, baridi inakudanganya. Kula: ugali, maharage, viazi, na parachichi ambalo huku halina bei ya kujivunia kama mjini kwetu. Saa 12 jioni baridi inarudi, uwe umeshaingia ndani. Jumapili pumzisha mwili, wapeleke watoto wakaone maporomoko ya Luhuji, yako palepale mjini.

Na kama nyumbani kuna mwenye presha, akapimwe kwanza, aulize daktari anyanyue nini. Shemeji anarudi kupimwa mwisho wa mwezi. Jana dada alinipigia simu, nikamuuliza kama mzee bado anakwenda. Akasema hata nikikaa Dar nikitega sikio vizuri nitamsikia: siku hizi anafika ishirini.