Kisu Changu

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo niliiamini kwa mdomo tu, hadi mwaka 2019 nilipopata oda ya viti 300 vya chekechea hapa Keko, Dar es Salaam.

Nina mashine moja ya kukata mbao kwa kompyuta. Peke yangu nisingemaliza kwa wakati. Nikawaendea mafundi wawili wenye mashine kama yangu, watu ambao tulishindana kushusha bei hadi sote tukaambulia vumbi. Nikawapa mchoro ule ule, tukagawana kazi.

Siku ya kuunganisha, ndimi walizokata wao hazikuingia katika matundu yangu. Tulilaumiana vikali. Wao walisema plaiwudi ndiyo mbaya, kwani inayouzwa kuwa ya milimita 18 haifanani unene. Nami nikaitikia haraka, ingawa nilijua ukweli. Kisu changu cha milimita 6 nilikuwa nimekinoa mara kadhaa, kikawa chembamba, na kompyuta haikuambiwa. Matundu yote yakatoka finyu.

Nilinyamaza siku mbili. Ya tatu nikakiweka kisu mezani na kulipia bodi zilizoharibika.

Hawakunifukuza. Tangu hapo kila mmoja hukata kipande cha majaribio, tukapima pamoja kabla ya kuanza. Bei nayo tunaipanga pamoja. Mkataba tuliuandika baadaye, lakini mimi nahesabu ushirika wetu tangu siku ya kisu.