Petali tano

Mwaka wetu wa kwanza wa ualimu tulichora ua la hibiskusi ubaoni bila kulitazama, tukalipa petali sita. Msichana mmoja alitoka, akarudi na ua alilolichuma uani mwa parokia. Tano. Tulimwamuru aketi. Ubao hatukuufuta.

Baadaye tulisoma habari za Pierre-Joseph Redouté, aliyezaliwa mwaka 1759 Saint-Hubert, katika Ubelgiji ya leo. Alikuwa tayari mchoraji hodari alipokutana na L'Héritier, mtaalamu wa mimea, naye akakubali kufundishwa upya: kulifungua ua, kuzihesabu stameni zake, ndipo ashike brashi. Kati ya 1802 na 1816 alitoa juzuu 8 za picha za mayungiyungi na jamaa zake. Aliwachorea malkia, lakini aliyemwamuru ni ua. Picha ya namna hiyo mtaalamu huitumia kuutambua mmea. Ikizidishwa stameni moja tu, hata rangi ziwe za kupendeza namna gani, imeshuhudia uongo. (Mtuwie radhi, katekista haachi Amri ya Nane nyumbani.)

Msichana yule leo ni mama wa watoto wanne, nasi huonana naye kila Dominika mlangoni pa kanisa. Bado hatujamwambia kwamba alihesabu sawasawa.