Sala Iliyonitoa Nje

Nilifika Ubelgiji kutoka Goma nikiwa tayari mama wa watoto. Nilipata kazi ya kusuka nywele katika mtaa wa Matonge, pale Porte de Namur, ambapo Wakongo huja kununua pondu na makayabu na kuulizana habari za nyumbani. Wengi huongea Kilingala. Enzi za Rais Joseph Kabila, anayeongea Kiswahili kama sisi wa mashariki, wapo waliomwona kila Mswahili kuwa mtu wake. Basi nikanyamaza. Mama akipiga simu, nilitoka nje kuipokea.

Nilisali sana miaka ile. Nilimwomba Mungu awalinde wanangu na ndugu zangu, basi. Siasa niliiachia wengine. Vijana wa LUCHA, walioanza harakati zao Goma mwaka 2012, niliwaita wakorofi. Walidai maji safi katika mji ulio kando ya ziwa Kivu, wakakamatwa bila kurusha jiwe. Mimi niliyebeba madumu ya maji utotoni nilisema wanajitafutia kifo. Ukweli ni kwamba ujasiri wao ulinitia aibu.

Muhula wa Kabila uliisha Desemba 2016, naye akabaki madarakani. Tarehe 31 Desemba 2017 walei Wakatoliki waliitisha maandamano baada ya misa. Watu walitoka na Biblia na rozari, wakapokewa kwa mabomu ya machozi na risasi. Tarehe 21 Januari 2018 walitoka tena. Siku hiyo Thérèse Kapangala, binti wa miaka 24 aliyetaka kuwa mtawa, aliuawa kwa risasi kanisani kwao Kintambo, Kinshasa.

Habari zilinikuta kazini, nikashindwa kuendelea kusuka. Binti yule alisali rozari ileile ninayosali mimi. Yeye ilimtoa nje. Mimi nilijificha nyuma ya rozari hiyo. Usiku ule maneno yangu ya kila siku yalinikwama. Nilimwambia Mungu neno moja tu: naogopa.

Sikuamka shujaa. Nilianza kwenda kwenye mikutano ya sala, nikakaa nyuma, nikaondoka kabla ya kuulizwa jina. Niliwahofia waliobaki nyumbani. Juni mwaka huo Luc Nkulula wa LUCHA akafa katika moto ulioteketeza nyumba yake Goma. Tulipokutana kumwombea, nilisimama nikasali kwa Kiswahili, sauti ikitetemeka. Mama mmoja wa Kinshasa, ambaye siku zote nilimkwepa, alikuja akanishika mkono, akamlilia mtoto wa Goma pamoja nami. Hakuniuliza nilikuwa wapi muda wote huo. Sikustahili upendo ule.

Tarehe 30 Juni, uwanja mdogo wa Porte de Namur ulipozinduliwa kwa jina la Patrice Lumumba, mama alipiga simu. Niliipokea palepale, katikati ya watu.

Ndugu msomaji, bado naogopa, na kama nawe unaogopa, sina la kukulaumu. Tangu Januari 2025 Goma imo mikononi mwa waasi wa M23, na mpwa wangu huniuliza, "Tantine, nifanye nini?" Mimi niko mbali na risasi, siwezi kumwambia atoke wala anyamaze. Namwambia kwamba namwombea, na kwamba akisema kweli, hatasikia kwangu kuwa yeye ni mkorofi.