Baisikeli ya Nowak: mwisho wa safari ni wapi?



Hapa kambini baisikeli tunaijua. Inabeba mgao, inabeba kuni, inabeba mgonjwa usiku kwenda hospitali. Ndugu zetu wa Kongo wanaiita kinga. Mwezi huu nataka tufuate kinga moja iliyotoka mbali sana ikapita mpaka kwetu.

Mwenyewe aliitwa Kazimierz Nowak, mtu wa mji wa Poznań, nchi ya Polandi. Mwaka 1931 kazi zilikuwa zimeadimika kwao, naye alikuwa na mke na watoto wawili. Alijua kupiga picha na kuandika. Basi akaona aende Afrika, apige picha, aandike habari auzie magazeti, ili nyumbani wapate kula. Akafika Tripoli, Libya, na baisikeli kuukuu, akaanza kukanyaga.

Alipita Misri na Sudani, akaingia Kongo, Uganda na Ruanda-Urundi, jina la Rwanda na Burundi chini ya Wabelgiji. Yaani barabara za babu zetu hizo! Ni kweli alikuwa mzungu, na ngozi yake ilimfungulia milango ambayo babu zetu walifungiwa. Lakini shida alizipata. Alilala porini au kwa wenyeji, malaria ilimwangusha mara kwa mara, na ukatili wa wakoloni aliuandika bila kuficha.

Mwaka 1934 akafika Rasi ya Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya bara letu. Mbele ni bahari tu. Mtu mwingine angesema, nimefika, basi. Yeye akageuza, akarudi kaskazini kwa njia nyingine. Baisikeli ilipochakaa alipanda farasi, akapiga makasia mto Kasai, akapata baisikeli nyingine, kisha akaingia Sahara na ngamia. Novemba 1936 alikuwa Algiers. Miaka mitano, kilomita kama 40,000! Akapanda meli kurudi Ulaya.

Hapa tukae kidogo. Sisi hudhani mtu akishafika kwake amepona. Nowak alifika, lakini mwili ulikuwa umekwisha. Oktoba 1937, hata mwaka haujatimia, nimonia ikamchukua. Alikuwa na miaka 40.

Nilimsimulia jirani yangu tukiwa kwenye foleni ya maji. Akaniuliza, "Sasa alipata faida gani huyo?" Sikuwa na jibu palepale. Nimelipata baadaye. Njia nzima Nowak alimwandikia mkewe barua, akatuma na picha. Watoto walikua bila baba mezani, ila walijua leo yuko wapi, amekula nini, amemwona nani. Baba hakuwapotea. Barua na picha zilitunzwa, na mwaka 2000 maandishi yake yakatoka kama kitabu. Mwaka 2006 bamba la kumbukumbu likawekwa stesheni ya Poznań, na kuanzia 2009 Wapolandi wakapokezana baisikeli kufuata njia yake.

Jamani, wangapi humu tuna mtu aliyeondoka, hatujui atafika lini? Tusingoje mpaka turudi nyumbani ndipo tuhadithiane. Ile karatasi ya Msalaba Mwekundu ni ndogo, lakini ijaze. Mwambie mtoto amepanda darasa, mwambie mahindi yameota nyuma ya nyumba.

Nanyi watoto, humu kambini wapo wazee waliosukuma baisikeli siku nyingi kutoka kwetu, godoro juu, mtoto kwenye keria. Jioni ya leo mkalie mmoja wao karibu na daftari. Muulizeni: mlipita wapi? Mlilala kwa nani? Nani aliwapa maji? Andikeni, hata kwa penseli.