Siku Nne Handeni na Mtoto wa Bweha

Shangazi alinipigia simu usiku, saa tatu imeshapita. Hakurefusha salamu. "Mwanangu, wewe si unasomea wanyama? Njoo basi. Kaka yako kaleta mtoto wa bweha kutoka shambani, analia usiku kucha, na maziwa tunayompa hayakai tumboni."

Nilikuwa mwaka wa pili wa stashahada ya mifugo, chuo cha Buhuri, Tanga. Ng'ombe nilimjua, mbuzi na kuku nilianza kuwajua. Bweha nilimjua kwa hadithi tu, hasa wale wawili, Kalila na Dimna, waliotoka India wakapitia kwa Waarabu hadi kutufikia sisi. Na Handeni penyewe sikuwahi kufika, ingawa baba yangu mzazi kazaliwa huko. Aliondoka kijana kutafuta kazi bandarini, akaoa, akatulea Ngamiani, na kila mwaka alikuwa akisema mwaka huu tutakwenda kwa dada yangu. Alifariki hatujaenda. Asubuhi ile nilipopanda basi nilikuwa naenda kwa ajili ya bweha, lakini niliomba pia yeye anisindikize njiani.

Ilikuwa Oktoba, vuli inakaribia. Muheza tulinunua machungwa dirishani, tukapita Hale, tukafika Segera, pale njia inapogawanyika, wa Dar es Salaam wakienda kushoto na wa Moshi na Arusha wakienda kulia. Korogwe nilishuka, nikapanda Coaster ya Handeni. Ni kilomita 65 za lami, na kila tulivyozidi kwenda, milima ya Usambara ilibaki nyuma yetu na nchi ikazidi kukauka. Magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara. Ndoo za maji zimepanga foleni. Na kila upande moshi, maana huo ndio wakati watu wanafyeka na kuchoma mashamba ili mvua ya kwanza iwakute tayari. Sikujua bado kwamba moshi ule ndio uliomtoa bweha wetu shimoni.

Kutoka stendi ya Chanika, pale Handeni mjini, nilichukua bodaboda, karibu saa nzima ya vumbi. Shangazi alikuwa amesimama uani. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba, kisha akanishika uso kwa mikono miwili akanitazama kwa muda. "Macho ya kaka yangu," alisema. Halafu akanivuta mkono mpaka jikoni.

Mtoto wa bweha alikuwa ndani ya tenga la kuku, amefunikwa kanga. Nilipoifunua alijikunja kwenye kona akafungua kinywa, lakini sauti haikutoka, alikuwa ameshalia mpaka imekauka. Rangi yake ni ya majivu yaliyochanganyika na udongo, masikio bado madogo, macho yamefunguka lakini yana ukungu wa bluu kama ya watoto wachanga wengi. Nilimgeuza polepole nikaangalia mkia. Ncha yake ilikuwa nyeupe. Hapo nikajua ni bweha miraba, yule wa misitu ya miombo, si bweha mgongo-mweusi ambaye mkia wake huishia kwa weusi. Nilimpitishia kidole kwenye ufizi, nikagusa ncha za meno zimeanza kuchomoza. Bweha hufumbua macho akiwa na siku kumi hivi, na meno hufuata. Nikamkadiria wiki tatu, pengine nne.

Kaka yangu, mtoto wa shangazi, alinieleza jinsi ilivyokuwa. Walikuwa wakichoma shamba jipya, mbwa wao watatu wakamkurupua bweha mkubwa jike, wakamwua. Moto ulipopita aliona shimo chini ya kichuguu cha zamani, akachungulia. Watoto walikuwa wawili. Mmoja ameshakufa. "Sikuweza kumwacha, dada," alisema, na aliinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kugombezwa. Sikumgombeza. Hata mimi nisingeweza kumwacha.

Lakini walichompa baada ya hapo ndicho kilichokuwa kinamwua. Siku mbili walimlaza chali kama mtoto wa binadamu, wakamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Mtoto wa jamii ya mbwa akinyweshwa chali, maziwa huingia mapafuni. Na maziwa ya ng'ombe si maziwa yake. Ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili ya yale ya ng'ombe, na sukari ya maziwa pungufu, ndiyo maana akipewa ya ng'ombe matupu hushiba maji na kuharisha. Tenga zima lilikuwa limechafuka kinyesi cha manjano.

Nilisimamisha maziwa. Nusu siku ile nilimpa maji ya ORS ya uvuguvugu tu, kwa bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, tone kwa tone, amelalia tumbo na kichwa kimeinuka kidogo, kama vile angelala chini ya mama yake. Usiku nikaanza maziwa ya mbuzi yaliyopigwa pamoja na kiini cha yai. Baada ya kila mlo nilimpangusa chini ya tumbo kwa kitambaa chenye maji ya moto kiasi, ndivyo mama anavyomlamba, naye akakojoa. Shangazi alicheka akapiga makofi. Kesho yake nilimsagia nyama ya ng'ombe mpaka ikawa kama uji, nikampaka kidogo mdomoni. Alitulia, akalamba, kisha akaning'ang'ania kidole kwa miguu yote miwili ya mbele.

Tulimpima dukani. Mwenye duka aliondoa sukari kwenye mizani, akaweka kikapu, nami nikamweka bweha ndani ya kikapu. Watoto wa kitongoji kizima walikuwa wamejaa mlangoni. Gramu 780. Siku ya pili 805. Siku ya tatu 850. Mwenye duka aliandika zile namba kwenye daftari lake la madeni, jina la mdaiwa akaandika "Bweha", na aliandika kwa uangalifu uleule anaowaandikia watu.

Kuna jambo nililiona saa ya kwanza tu na likaninyima raha. Mjukuu wa shangazi, mvulana wa miaka 8, alikuwa na alama mbili nyekundu kwenye kidole gumba. "Aliniuma kidogo tu," alisema. Bweha ni miongoni mwa wanyama wanaobeba kichaa cha mbwa. Mama wa bweha wetu aliuawa na mbwa wasio na chanjo, na hakuna aliyejua alikuwa na nini. Nilimwosha mtoto kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, akalalamika maji ya Handeni yanapotea bure. Alfajiri tukaondoka naye kutafuta chanjo. Kituo cha kwanza hawakuwa nayo. Cha pili walikuwa nayo, na shangazi alikuwa ameuza majogoo mawili kwa ajili ya nauli na gharama. Sindano ya kwanza alichomwa siku hiyo hiyo, nyingine zikapangiwa tarehe. Nawaambia wazazi wanaonisoma: kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, hakitibiki. Chanjo ndiyo dawa, na ni kabla ya dalili.

Jioni ya pili tuliketi uani, bweha mdogo amelala juu ya mapaja ya shangazi, ameshiba. Ni kitu kizuri mno kukitazama. Shangazi alimkuna nyuma ya sikio akasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu atakuwa wetu. Atalinda kuku."

Nilinyamaza, kwa sababu methali ile ndiyo iliyokuwa inanitia hofu. Tukimlea hivi, atakua hivi: bweha asiyemwogopa mtu, asiyejua kuwinda panya wala kuchimba mende, anayeingia kwenye ua wowote akidhani ni kwao. Ua wa shangazi utampokea. Wa jirani utampokea kwa rungu. Na mbwa watatu waliomwua mama yake walikuwa wamelala hatua kumi kutoka pale tulipoketi.

Nikawasimulia habari ya Mkomazi, hifadhi iliyoko huko kaskazini. Mwingereza Tony Fitzjohn, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi na George Adamson, mlezi wa simba, kule Kora nchini Kenya, alikuja Mkomazi mwaka 1989, na miaka ya 1990 akaanza kuzalisha mbwa mwitu ndani ya uzio, ili warudishwe porini. Watu wale walijua kazi, walikuwa na madaktari na chanjo. Hata hivyo mwishoni mwa mwaka 2000 ugonjwa wa distempa, unaowashika mbwa hawa hawa wa kwetu, uliingia ndani ya uzio, na katika miezi miwili ukaua mbwa mwitu 49 kati ya 52. Kazi ikabidi ijengwe upya. "Kama yaliwapata wao," nilisema, "sisi na tenga la kuku tutamkinga na nini?"

Shangazi hakujibu. Aliendelea kumkuna sikio.

Jibu lilikuja usiku. Saa sita hivi nilisikia mlio kutoka upande wa shamba, mfupi, wa chini, unaorudiwa. Nilidhani ni bundi. Kisha tenga likatikisika. Nilipowasha tochi bweha mdogo alikuwa amesimama wima, masikio yote mawili yameelekea shambani, naye anajibu kwa ile sauti yake iliyokauka. Ndipo nikakumbuka nilichosoma: bweha miraba huita kwa mlio unaofanana na wa bundi. Kuna mkubwa aliyekuwa hai, naye alikuwa bado anaita.

Bweha huishi jike na dume, na wote wawili hulea. Patricia Moehlman, aliyeanza kuwafuatilia bweha wa Serengeti miaka ya 1970, aliona kwamba hata watoto wa uzao uliopita hubaki kuwasaidia wazazi, wakiwaletea wadogo zao nyama tumboni na kuwatapikia, na kadiri wasaidizi walivyokuwa wengi kwa bweha mgongo-mweusi ndivyo watoto wengi zaidi walivyopona. Mtoto wa wiki nne tayari anakula nyama. Hakuwa anahitaji maziwa ya mbuzi wetu. Alikuwa anahitaji huyo aliyekuwa akimwita.

Asubuhi tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akampigia simu ofisa wanyamapori. Alifika kwa pikipiki siku ya tatu mchana. Alitueleza bila ukali kwamba kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 mnyama wa porini ni mali ya umma, na kumfuga bila kibali ni kosa. Alimkagua, akasikiliza habari ya mlio, akaenda mwenyewe kuangalia kichuguu. Aliporudi alisema: kesho jioni, mbwa wote wafungwe, arudishwe palepale.

Siku ya nne shangazi alitangulia mbele kwa miguu, mimi nyuma na tenga. Tulipofika kwenye kichuguu aligusa ubavu wake ulioungua. "Hapa baba yako alikuwa anapanda akiamia ndege," alisema. "Na kombeo lake. Alikuwa na sauti, tulimsikia hadi nyumbani." Nilisimama pale kidogo. Kisha nikamtoa bweha kwenye tenga nikamwingiza shimoni, na vipande vya nyama mlangoni. Alirudi mkononi mwangu mara moja. Nilimrudisha. Mara ya pili akabaki.

Tulikaa mbali, chini ya mkwaju, upepo ukitupiga usoni ili harufu yetu isiende kule. Giza likaingia. Sikuona kitu. Nilisikia mlio mara tatu, wa tatu ukiwa karibu sana, na mara hiyo sauti ndogo iliyokauka ikajibu. Ofisa akanishika bega: tuondoke.

Alfajiri tulirudi. Shamba zima lilikuwa majivu, na majivu huandika kila kitu. Nyayo za bweha mkubwa zilitoka kichakani moja kwa moja hadi shimoni. Zilizunguka pale, zikakanyagana. Nyama haikuwepo. Damu haikuwepo. Zikaondoka kwa njia nyingine kuelekea bondeni. Nyayo ndogo za kuondoka hazikuwepo kabisa, na tuliangalia kila upande. Aliyeondoka aliondoka amebeba.

Shangazi aliinama akapima ule wayo mkubwa kwa vidole vyake, kisha akajifuta machozi usoni kwa pindo la kanga.

Mjukuu alimaliza sindano zake zote, na mbwa watatu wa ua ule walichanjwa nilipokwenda tena mwaka uliofuata, kwa mkono wangu mwenyewe. Nawaomba wakulima wenzangu wa Handeni na Korogwe: kabla ya kuwasha moto zungukeni vichuguu, mfunge mbwa. Mkimkuta mtoto wa bweha peke yake, msimguse. Acheni nafasi, ondokeni, mpeni mzazi wake usiku mmoja, na mpigieni simu ofisa wanyamapori.